Nani Atautunza Mtaa?



Tarehe 7 Septemba 1974, FRELIMO na Ureno zilipotia sahihi Mapatano ya Lusaka, vita vilivyoanza Chai mwaka 1964 vilifikia mwisho wake. Lakini katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado likazuka swali dogo lenye uzito: nani sasa atautunza mtaa? Huko juu, katika nyanda za Mueda, wananchi walikuwa wamekwisha kujitawala kwa miaka kadhaa katika sehemu zilizokombolewa. Pwani mambo yalikuwa mengine. Miji kama Mocímboa da Praia na Ibo ilibaki mikononi mwa mkoloni hadi mwisho. Makarani wa Kireno walifungasha mizigo, machifu waliowekwa na Ureno walikwisha kupoteza heshima, na FRELIMO yenyewe haikuwa na makada wa kutosha kila mahali.

Jawabu lilikuwa Grupos Dinamizadores, yaani vikundi vya kuamsha umma, vilivyoundwa Msumbiji nzima tangu wakati wa serikali ya mpito. Wakazi walikutana hadharani. Jina la mtu lilipotajwa, mwenye neno juu yake alilisema mbele ya wote, na mwishowe wakachaguliwa watu kumi hivi. Hawakuwa na mshahara wala bunduki. Waliitisha siku za usafi, wakahimiza uchimbaji wa vyoo, wakasuluhisha ugomvi wa mke na mume au wa mpaka wa kiwanja kabla haujafika kituoni. Katika kampeni kubwa ya chanjo ya mwaka 1976 hadi 1979, waganga waliotoka mbali waliwakuta watu wamekwisha kukusanyika, kwa kuwa jirani ndiye aliyewaita. Sisi tuliozoea mabalozi wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960 hatuoni ajabu. Polisi hawakuweza kuwapo kila kichochoro, na hawakuhitajika huko.

Vikundi hivyo vilifundisha pia kusoma na kuandika, na hapa pana jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Wakati wa uhuru ilihesabiwa kwamba zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma. Lakini katika pwani hiyo walikuwapo wazee waliosoma chuoni, walioandikiana barua kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hata wakuu wa Kireno wa karne ya 19 waliandikiana na masheha kwa njia hiyo hiyo. Katika hesabu ile mzee wa namna hiyo hakujua kitu. Machifu, na wengi miongoni mwa viongozi wa dini, wakawekwa kando. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mtaa ulipoteza wasuluhishi wake wa zamani kabla wale wapya hawajakomaa.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1983, katika vita na RENAMO na njaa, serikali ilianzisha Operesheni Uzalishaji, hasa katika miji mikubwa kama Maputo na Beira. Asiyekuwa na karatasi za ukaazi na kazi alikamatwa na kupelekwa mbali, wengi wao Niassa. Karatasi hizo zilipitia kwa vikundi vya mitaa. Jirani aliyeshika fagio pamoja nawe jana, leo alishika hatima yako. Na watu wakaanza kupima maneno yao mbele yake.

Cabo Delgado iliendelea kuwa na makatibu wa mitaa, na mwaka 2000 serikali iliwatambua rasmi pamoja na machifu wa jadi. Hata hivyo, Septemba 2005 wakazi wa Mocímboa da Praia walipigana wao kwa wao kwa sababu ya uchaguzi wa meya, Wamwani upande mmoja na Wamakonde upande wa pili, na watu wakafa. Kisha ikaja tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya mji huo viliposhambuliwa. Kabla ya siku hiyo viongozi wa Kiislamu walikwisha kuwaarifu wakuu wa serikali juu ya vijana waliojitenga katika misikiti yao na kukataza watoto wasiende shule za serikali. Habari ilikuwapo mtaani. Njia ya kuifikisha na kuaminiwa ndiyo iliyokuwa imeziba.

Mji ulitekwa Agosti 2020, ukakombolewa tarehe 8 Agosti 2021. Wapiganaji wa Tanzania waliokwenda Nangade katika kikosi cha SADC, kilichokuwako hadi Julai 2024, wanajua ugumu wa kutambua kwa sura nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Walipoanza kurudi watu wa Pamunda na Nanduadua, walikuta nyumba zimebomolewa na makuti yameoza. Aliyejua kila kiwanja kilikuwa cha nani hakuwa mwenye ramani. Alikuwa jirani wa mlango wa pili.