Uti wa Mgongo na Ugwe Uliomo Ndani Yake

Mtu akiulizwa uti wa mgongo uko wapi, hupeleka mkono nyuma bila kusita. Akiulizwa ni kitu gani, hapo ndipo majibu yanapogawanyika. Mganga wa kuunga mifupa atasema ni mifupa. Mwanafunzi wa biolojia huenda akasema ni neva kuu inayoshuka kutoka ubongoni. Mzazi aliyewahi kuuguza mtoto atataja homa. Jina moja linabebeshwa vitu vitatu, na kuchanganyikiwa huko huleta madhara hospitalini.

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Wanaanatomia huitenga 80 kati yake na kuiita mifupa ya mhimili: fuvu pamoja na vifupa vya masikioni, kifupa kidogo kilicho chini ya ulimi, mbavu 24, kidari na uti wa mgongo. Mhimili ni istilahi iliyokaa vizuri, kwani imetoka kwenye kuhimili, na ndiyo kazi ya mifupa hiyo: kubeba kichwa, kukinga moyo na mapafu, kuusimamisha mwili.

Uti ndio nguzo yake. Mtoto huzaliwa na pingili zipatazo 33: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo kila moja hushika jozi ya mbavu, 5 za kiuno, 5 za nyonga na kwa kawaida 4 za mwisho. Kadiri anavyokua, zile za nyonga huungana kuwa mfupa mmoja, na za mwisho huwa kifandugu, hivyo mtu mzima hubaki na mifupa 26. Pingili ni neno la shambani, la muwa na mwanzi, na aliyelileta mgongoni alichagua vyema. Hata twiga ana pingili 7 tu za shingo kama binadamu. Zake ni ndefu, basi.

Karibu kila pingili ina tundu. Zikipangana, matundu hayo hufanya mfereji, na ndani ya mfereji hupita kitu laini chenye unene wa kidole kidogo, kinachotoa jozi 31 za neva kwenda kiwiliwili, mikono na miguu. Hicho si uti. Waandishi wa biolojia hukiita ugwe, neno la zamani la kamba nyembamba, na ndilo linalofaa kushikwa.

Tofauti ya viwili hivyo huonekana wazi kwenye visukuku. Mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu aligundua kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji ukatoa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, zikiwemo mbavu na pingili. Ugwe wake ulikwisha kuoza zamani mno; mfereji ukabaki. Watafiti walioupima waliuona mwembamba sehemu ya kifua kuliko wa watu wa leo, wakahoji kama alikuwa na neva za kutosha kuitawala pumzi kwa ajili ya kusema. Wengine wakapinga: pingili zenyewe huenda zilikuwa na kasoro. Mjadala huo hausimuliki kwa Kiswahili ikiwa mfupa na neva vinaitwa jina moja.

Wodini jambo ni zito zaidi. Daktari akishuku homa ya uti wa mgongo, huhitaji kupima maji yanayozunguka ubongo na ugwe, ambayo huvutwa kwa sindano mgongoni. Mzazi anaposikia mtoto wake atachomwa sindano ya uti wa mgongo, hudhani itatoboa ile neva inayoendesha miguu, mtoto apooze. Hofu hiyo inaeleweka kabisa, maana jina ndilo linaloizaa. Kumbe ugwe wa mtu mzima, wenye urefu wa sentimita 45 hivi, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano hupita chini yake, kwa kawaida kati ya pingili ya 3 na ya 4 za kiuno, au ya 4 na ya 5. Kwa kuwa ugwe wa mtoto mchanga hufika chini kidogo, daktari naye huteremka. Mama akiambiwa, “Tutapita kati ya pingili, ugwe hatuugusi,” ameelezwa yote.

Na homa yenyewe haimo mfupani. Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe, ndiyo maana kichwa huuma, shingo hukakamaa, na utosi wa mtoto mchanga huweza kututumka. Ugonjwa unaokula pingili ni mwingine: kifua kikuu cha mgongo, alichokieleza daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779. Hicho huziporomosha pingili, na asiyetibiwa mapema huweza kubaki na kibiongo.

Jina homa ya uti wa mgongo limekwisha kuenea, na libaki; watu wanalijua na kuliogopa inavyostahili. Lakini vitabu vya shule na mabango ya zahanati viandike uti kwa mifupa, ugwe kwa neva na utando kwa kinachoshambuliwa na homa. Wauguzi nao, ambao mara nyingi ndio wanaozungumza na wazazi kwanza, waanze kulitumia neno ugwe. Na mzazi ambaye mtoto wake ameandikiwa kipimo cha sindano ya mgongoni aulize bila woga sindano itapita kati ya pingili ipi na ipi.