Kizunguzungu cha Mgeuko: Historia ya Kipimo na Jina Lake

Miongoni mwa istilahi za utabibu zinazowatatiza wafasiri wetu limo jina la maradhi ambayo mtu, kila ajigeuzapo kitandani, huona chumba kizima kikimzunguka kwa muda mfupi. Baadhi huyaita "kizunguzungu cha mkao". Twaonelea kwamba historia ya kipimo chake inalipinga jina hilo.

Mwaka 1921 Robert Bárány, tabibu wa Uppsala nchini Sweden, alieleza habari za mwanamke aliyepatwa na kizunguzungu alalapo ubavu wa kulia tu, macho yake yakitetema kwa kuviringika. Bárány alishikilia kwamba chanzo ni mkao wa kichwa, wala si mwendo wake. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike, wa hospitali ya Queen Square, London, walieleza utaratibu unaotumika hadi leo. Mgonjwa huketishwa kitandani, kichwa hugeuzwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha hulazwa chali kwa haraka hata kichwa kikaning'inia kidogo ukingoni, macho yakiwa wazi. Mpimaji hungoja. Baada ya sekunde chache kizunguzungu huanza, na mboni hutetema zikiviringika kuelekea sikio la chini. Kwa kawaida dakika moja haipiti kabla ya kutulia.

Hapo ndipo penye hoja. Ikiwa mkao ndio sababu, mbona dalili hukoma na kichwa kingali pale pale? Mwaka 1979 Hall, Ruby na McClure walitoa maelezo yanayokubalika sasa: chembe za chokaa huelea katika mfereji nusuduara wa sikio la ndani, kichwa kigeukapo huteremka na kuyasukuma maji yaliyomo, zikifika chini, mambo hutulia. Kwa msingi huo John Epley alichapisha mwaka 1992 tiba ya kugeuza kichwa hatua kwa hatua, ili chembe zitoke mferejini.

Kwa hiyo twapendekeza "kizunguzungu cha mgeuko". Neno "kizunguzungu" lenyewe latosha, kwa kuwa limebeba maana ya kuzunguka. "Kisunzi" na kibaki kwa wepesi wa kichwa uletwao na njaa au uchovu. Jambo hili si la mapambo ya lugha. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefundishwa kuwa sababu ni mkao aweza kumlaza mgonjwa polepole, asione kitu, akamrudisha nyumbani na maradhi yanayotibika.