Kutoka Mtoto wa Mzinga Hadi Risasi ya Gramu 11

Samuel Baker alipopanda Mto Nile miaka ya 1860, alikuwa na bunduki moja aliyoiogopa yeye mwenyewe. Uzito wake ulikuwa kilo 9 hivi, na ilitema kombora la nusu ratili, yaani gramu 227. Waarabu waliofuatana naye waliiita "mtoto wa mzinga". Kila ilipolia ilimpiga teke la kumzungusha pale aliposimama. Nusu karne baadaye, Mskoti W.D.M. Bell aliangusha mamia ya ndovu kwa risasi ya gramu 11. Ndovu hakuwa amebadilika hata kidogo.

Ugumu wa ndovu uko kichwani. Fuvu lake ni mfupa wenye matundu kama sega la nyuki, na ubongo umejificha nyuma, chini, kati ya masikio. Risasi inayobondeka ikigonga mfupa, au inayopinda njiani, haifiki. Wawindaji wa zamani waliichanganya risasi na bati ili iwe ngumu, na pale ugumu ulipopungua waliongeza uzito.

Ndiyo maana bunduki zao zilipimwa kwa ratili. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kwetu madini na kinachotoka mtutuni vyote ni risasi. Ratili moja ya risasi ikigawanywa mafungu manne, kila fungu likafinyangwa kuwa gololi, upana wa gololi hiyo ndio upana wa mtutu wa "namba nne": gramu 113 kwa kila mlio. Ya "namba nane" ilitema nusu ya uzito huo.

Mwindaji Frederick Selous alianza na namba nne za kushindilia mdomoni, baada ya kufika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa na miaka 19. Baruti aliichota kwa kiganja kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Siku moja bunduki ilikataa kulia, na mbeba bunduki wake, bila kujua kwamba shehena ya kwanza bado imo, akashindilia nyingine juu yake. Ilipokuja kulia ilimrusha Selous chini na kuvunja kitako. Uzeeni alijuta kuzigusa bunduki zile, akisema mateke yake yalimharibia utulivu wa kulenga. Tunajua jina la fundi aliyemtengenezea bunduki, ila jina la aliyembebea si rahisi kulipata. Hivyo ndivyo vitabu vya uwindaji vilivyoandikwa. Selous mwenyewe aliuawa kwa risasi ya askari wa Kijerumani huko Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 1917.

Huku kwetu, pembe zilizoshuka Bagamoyo na Unguja ziliwindwa kwa gobore, nyingi zikiwa bunduki kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya. Lakini wako walioua ndovu bila chembe ya baruti. Wawata wa nyika ya Tsavo walitumia upinde mgumu mno kuuvuta na mshale wenye sumu ya msunguti. Hawakuhangaika na fuvu. Walinyemelea hadi karibu kabisa, wakalenga ubavu, kisha wakafuata nyayo. Ilihitajika kampeni nzima ya askari wa wanyamapori, miaka ya 1956 na 1957, kuwasimamisha. Mtu anayeniambia kwamba ndovu huuawa na ukubwa wa chombo, namkumbusha Wawata.

Mapinduzi yalitoka maabara ya Ufaransa. Mwaka 1884 Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi. Kwa baruti nyeusi, ukishafyatua hukuona mbele yako ila wingu, na ndani ya wingu hilo mna nyati aliyejeruhiwa. Baruti mpya ilisukuma kwa nguvu zaidi, hivyo risasi ikaweza kuwa nyembamba, ndefu, iliyovikwa ganda la chuma, na ikazama ndani zaidi kuliko gololi ya namba nane. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa kaliba ya .450, yaani upana wa mtutu kwa inchi: gramu 31, kasi ya mita 650 hivi kwa sekunde. Bunduki za namba nne na namba nane zikaanza kutundikwa ukutani.

Siasa nayo ikaingia. Mwaka 1907 Waingereza walizipiga marufuku kaliba za .450 India na Sudan, wakihofia risasi zake zisije zikalisha bunduki kongwe za Martini-Henry mikononi mwa waasi. Mafundi wakakimbilia .465, .470 na .475. Hadi leo kuna wanaoisifu .470 kana kwamba nyati ndiye aliyeipendekeza.

Wajerumani walikuwa na hesabu nyingine. Mlowezi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani hakuwa na fedha za bunduki ya London yenye mitutu miwili. Otto Bock wa Berlin akamtengenezea, mwaka 1905, risasi ya milimita 9.3 iliyoingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser: gramu 18.5, bei nafuu, teke la kuvumilika. Kwa maoni yangu hakuna aliyelijibu swali kwa akili kuliko huyu. Holland & Holland walimfuata mwaka 1912 kwa .375, uzito na kasi zikizidi kidogo tu.

Bell yeye alikwenda mbali zaidi. Akitokea Mumias kuelekea Karamoja, kwenye kituo cha wafanyabiashara Waswahili cha Mani-Mani, alibeba Rigby ya .275. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo ulipo, na maishani aliua zaidi ya ndovu 1,000. Alikuwa na mkono mtulivu na wakati wa kusubiri, vitu ambavyo haviuzwi dukani. Sheria haziwezi kutungwa kwa kumfikiria mtu kama huyo.

Baada ya vita vya pili vya dunia bunduki za London zilizidi kuwa adimu. Winchester wakaleta .458 mwaka 1956, baruti ikiwa imebanwa kwenye ganda fupi ili bei ishuke. Baruti ikaganda, kasi ikapungua, na risasi zikashindwa kuzama. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alirefusha ganda hilo na kutoa kaliba yenye jina lake mwaka 1971. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, mabishano ya kaliba yakahamia nchi jirani.

Sheria nyingi za Afrika ziliweka .375 kuwa kima cha chini kwa wanyama wa hatari. Bunduki ya Bock, yenye mtutu mwembamba kwa sehemu mbili tu za kumi za milimita, ikajikuta nje ya mstari kwa ndovu wale wale iliokuwa ikiwaangusha tangu 1905. Zimbabwe waliandika milimita 9.2, upana ambao bunduki hiyo inaufikisha.