Kunduchi na Mchanga Wake

Kwenye Barabara ya Bagamoyo, makonda wa daladala hutangaza kituo cha Afrikana kutwa nzima. Wengi wanaoshuka hapo kwenda Mbezi Beach hawakuiwahi hoteli iliyokipa kituo hicho jina. Africana, pamoja na Kunduchi, Silversands na Bahari Beach, ilikuwa katika safu ya hoteli zilizojengwa ufukweni kaskazini mwa Dar es Salaam, kila moja ikitegemea mchanga mweupe uliokuwa mbele yake. Bahari ikaumega ufukwe wa Africana mpaka hoteli ikaachwa.

Watu wameishi Kunduchi tangu kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Makaburi ya nguzo ya karne ya 18, yaliyopachikwa bakuli za kichina, bado yapo katikati ya mibuyu. Kwa hiyo bahari si mgeni hapo. Kilichobadilika ni hesabu ya mchanga.

Ufukwe wa Kunduchi hulishwa na mito, ukiwemo Tegeta na Mbezi. Mvua za masika huteremsha mchanga kutoka bara hadi mdomoni mwa mto. Kisha upepo wa kusi, unaovuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, husukuma mawimbi kwa mshazari na kuusogeza mchanga huo kaskazini. Kaskazi ikiingia hurudisha kiasi. Wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, lakini miamba ya matumbawe na visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo huyavunja mawimbi nguvu kabla hayajafika pwani. Maadamu mchanga unaoingia unatosha kufidia unaoondoka, ufukwe hubaki.

Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji, kilomita chache tu kutoka baharini. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 jijini; ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Nyumba zao ni za matofali ya saruji, na tofali kwa sehemu kubwa ni mchanga. Mito ya Kinondoni ikageuka machimbo: maji yakipungua, vijana wanaingia na makoleo, wanarundika mchanga ukingoni, lori linarudi kinyumenyume kupakia. Kila lori linaloondoka limebeba mchanga ambao masika ingeupeleka Kunduchi.

Baharini nako ulinzi ulikuwa unabomolewa. Matumbawe yaling'olewa na kuchomwa kwenye matanuri ili kupata chokaa, na uvuvi wa baruti ukapasua miamba kwa miongo kadhaa. Mwaka 1975 serikali ilivitangaza Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kuwa hifadhi za bahari, hatua njema ambayo baruti haikuiheshimu. Kisha joto la maji la 1998 likayapausha matumbawe ya pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Wenye majengo walijibu kwa mawe. Walijenga kuta fupi zinazochomoza kuingia baharini ili zinase mchanga unaopita, na kweli ziliunasa. Ukisimama juu ya ukuta wa namna hiyo unaona upande wa kusini mchanga umejaa karibu usawa wa mawe, na upande wa kaskazini maji yamechimba mpaka mizizi ya minazi iko nje. Jirani wa kaskazini naye hulazimika kujenga wake, na hasara inahamia kwa anayemfuata. Huo si ulinzi wa pwani; ni kumsukumia mwenzio bahari.

Kuta zina mahali pake. Ule wa barabara iliyoitwa Ocean Road, ambayo tangu 2013 ni Barack Obama, ulijengwa upya, na mwingine ukajengwa Kigamboni kukilinda Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Barabara na chuo havihamishiki kirahisi. Lakini ukuta hauzalishi mchanga hata debe moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na inailinda mito vilevile. Kwa Kunduchi, nusu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Anayejenga Tegeta, Bunju au Mbagala amwulize mwenye lori mchanga umetoka wapi, na halmashauri ilijue jibu kabla lori halijapakia.