Watu Walipofungiwa Ndani, Nyumba Yenye Bustani Ikagombaniwa: Historia na Somo Kwako Mwenye Ardhi



Wiki iliyopita mama mmoja mkulima alinisimamisha karibu na ofisi ya kijiji. Ana nusu eka kando ya barabara, yenye miembe mitatu na kisima cha kamba. Mtu kutoka mjini amemfuata mara ya tatu akitaka kununua. Mama akaniuliza, "Bwana Shamba, niuze au nisiuze? Naambiwa tangu korona watu wa mjini wanataka nyumba yenye bustani, na nikingoja bei itapanda zaidi. Mwingine ananiambia niuze sasa kabla hawajaacha kutafuta."

Nilimwomba anipe siku chache. Swali lake ni kubwa, na nchi nyingine zimeshalipitia. Nimeona nikueleze na wewe, maana huenda kesho mtu akasimamisha gari mbele ya shamba lako.

Uingereza, mwaka 2020

Tuanze na mahali ambapo jambo hili lilionekana wazi kabisa. Usiku wa tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliwaamuru watu wabaki majumbani. Ulitoka kununua chakula, kutibiwa, kufanya mazoezi mara moja kwa siku, au kwenda kwenye kazi ambayo haikuweza kufanyika nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto walikuwa ndani mchana kutwa.

Hapo ndipo watu walipoanza kuitazama nyumba kwa jicho jingine. Kabla ya hapo, mfanyakazi wa London aliridhika na chumba ghorofani kilicho karibu na kituo cha treni, kwa sababu alikitumia kulala tu. Sasa chumba kile kile kikawa ofisi, darasa, jiko na uwanja wa watoto. Mwezi Mei mwaka huo Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya nchi hiyo ilitoa hesabu: kaya 1 kati ya kila 8 haikuwa na bustani yoyote, yake binafsi wala ya kuchangia na majirani. Ndani ya London ilikuwa kama kaya 1 kati ya 5.

Biashara ya nyumba nayo ilikuwa imesimamishwa. Ilipofunguliwa tena England tarehe 13 Mei, wanunuzi walirudi na madai mapya. Walitaka bustani, chumba cha ziada cha kufanyia kazi, na mahali pa watoto kukimbia. Umbali kutoka mjini haukuwatisha tena, kwa sababu wengi walikuwa wanafanya kazi kwa kompyuta kutoka nyumbani. Nyumba zinazosimama peke yake kwenye kiwanja chake zikapanda bei haraka kuliko vyumba vya ghorofa. Kufikia Machi 2021 wastani wa bei ya nyumba nchini humo ulikuwa umepanda kwa takriban asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja, wakati uchumi wenyewe ulikuwa umeumia vibaya.

Si bustani peke yake iliyopandisha bei

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo wengi wanapopotea.

Ukisikia habari hiyo utasema, "Watu walipenda bustani, bei ikapanda, basi." Si kweli yote. Mambo mengine matatu yalitokea wakati ule ule.

La kwanza ni kodi. Kuanzia tarehe 8 Julai 2020 serikali ilisamehe ushuru wa stempu kwa nyumba za England zenye bei isiyozidi pauni 500,000. Msamaha huo ulipangwa kuisha Machi 2021, ukasogezwa hadi mwisho wa Juni, kisha ukapunguzwa hadi ukaisha kabisa mwishoni mwa Septemba. Mtu aliyekuwa anafikiria kununua mwaka 2023 alinunua 2020 ili awahi msamaha.

La pili ni mkopo. Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba yake hadi asilimia 0.1 mwezi Machi 2020. Kukopa kukawa rahisi kuliko wakati wowote waliokumbuka.

La tatu lilihusu ghorofa zenyewe. Tangu moto wa jengo la Grenfell, London, mwaka 2017, majengo mengi marefu yaligundulika kuwa yamefunikwa kuta kwa vifaa vinavyoshika moto. Watu waliogopa kununua humo, na benki nazo ziliogopa kukopesha. Kwa hiyo sehemu ya tofauti kati ya nyumba yenye bustani na chumba cha ghorofa haikuletwa na korona.

Sasa tazama mwisho wake. Msamaha wa kodi uliisha. Kuanzia Desemba 2021 riba ilianza kupanda, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Mwaka huo bei za nyumba zilisimama, na sehemu nyingine zikashuka kidogo. Kodi za vyumba katikati ya London, zilizokuwa zimeshuka mwaka 2020, zilipanda tena, na kufikia 2022 wapangaji walikuwa wanagombania vyumba vile vile walivyovikimbia. Watu hawakuacha kupenda bustani, ila pesa ya kununulia ilikuwa imekuwa ghali na waajiri wengi walikuwa wamewaita wafanyakazi warudi ofisini, angalau siku kadhaa kwa wiki.

Haikuwa mara ya kwanza

Mwaka 1665 tauni iliingia London. Mfalme Charles II na watu wake waliondoka wakaenda Salisbury, kisha Oxford. Wenye mali na nyumba za shamba walifanya vivyo hivyo. Maskini walibaki, na nyumba iliyopata mgonjwa ilifungwa mlango na walio ndani yake. Tauni ilipopungua, matajiri walirudi mjini mwaka uliofuata. Mji haukuhama.

Mwaka 1898 mwandishi mmoja wa kumbukumbu za bunge, Ebenezer Howard, aliandika kitabu akipendekeza miji ya bustani, ambako kila familia ingekaa karibu na kazi na karibu na mashamba pia. Mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ulianza mwaka 1903. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sheria ya mwaka 1919 iliwezesha halmashauri kujenga nyumba za wafanyakazi kwa fedha za serikali. Mwongozo wa wakati huo ulisema mjini zisizidi nyumba 12 kwa eka moja, ili kila nyumba ipate mwanga, hewa na bustani. Zile bustani ambazo watu walizigombania mwaka 2020, nyingi zilipimwa na watu wa zamani waliojua mateso ya kubanana.

Asiye na bustani alikuwa na njia nyingine. Sheria ya mwaka 1908 ilizitaka halmashauri zitenge vipande vya ardhi vya kukodisha kwa wakazi walime mboga. Kipande cha kawaida ni kama meta za mraba 250, yaani eka moja hutoa vipande 16. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipokuwa cha kupimiwa, vipande hivyo vilifika karibu milioni 1.4. Vita ilipoisha na maduka yakajaa, vikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 orodha za kuvisubiri zikarefuka tena.

Umeona mwenendo huo? Shida ikija, watu hukumbuka udongo. Ikipita, wengi husahau. Wachache hubaki nao, na hao wachache ndio soko la kudumu.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na maeneo ya jirani kuanzia tarehe 6 Aprili 2020, na zuio hilo likadumu hadi mapema Julai. Mwaka huo huo Wizara ya Kilimo ya huko ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Watu wa Kibera wao walikuwa wameshajifunza mapema: baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, sukuma wiki kwenye magunia yaliyojazwa udongo ilisambaa sana kwenye vichochoro vyao.

Tanzania hatukufungiwa ndani. Lakini shule zilifungwa Machi 2020, na wewe mwenyewe utakumbuka jinsi watoto na wajukuu walivyorudi kwa babu na bibi. Hapa kwetu niliona nyumba iliyokuwa na watu wawili ikawa na watu tisa, na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba ndiyo iliyowabeba. Ndugu wa mjini aliyekula mboga hiyo hajaisahau. Baadhi yao ndio wanaosimamisha magari kando ya barabara leo.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mjue mnunuzi wako. Uingereza walinunua kwa sababu kazi yao iliwafuata hadi nyumbani. Muulize wako: atajenga lini? Atakaa mwenyewe au anaweka fedha tu? Anayeweka fedha anategemea bei ipande. Akiona haipandi, kiwanja kitakuwa pori, na nyoka watakuja kwako.

Pili, usingoje bei ya ndotoni, na usikimbilie bei ya kwanza. Bei iliyopandishwa na msamaha wa kodi au mkopo rahisi hushuka sababu hizo zikiisha. Bei inayobebwa na barabara, maji na udongo mzuri haishuki kirahisi.

Tatu, hesabu kile ambacho ardhi inakupa sasa. Andika kwenye daftari: maembe ya msimu, mboga za mwaka mzima, maji ambayo hununui. Kisha jiulize, fedha hii nikiipokea itafanya nini kitakachonipa hivyo kila mwaka? Kama jibu ni bodaboda ya mtoto ambaye hajawahi kuendesha, rudi ukafikiri tena.

Nne, kuuza ardhi si njia pekee ya kufaidika. Mwaka 2020 kampuni ya mbegu ya Burpee ya Marekani, iliyoanzishwa 1876, ilisema mwezi Machi iliuza mbegu kuliko wakati wowote katika historia yake. Mwenye kujenga nyumba yenye bustani atahitaji miche ya miembe, mipapai na michungwa, samadi, mtu wa kumwagilia, na waya wa uzio. Kitalu kidogo cha miche kinaweza kukulipa huku ardhi ikibaki yako. Lakini kuwa na tahadhari: masika yale yale, wenye vitalu wa Uingereza walitupa mimea mingi kwa sababu maduka ya miche yalifungwa wakati mimea imeshakomaa. Panda miche kwa mafungu, na changanya ile inayoweza kusubiri, kama miti ya matunda, na ile ya kuuza haraka kama nyanya na pilipili.

Tano, ukiamua kuuza, fuata sheria. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nenda halmashauri ya kijiji kabla ya kupokea hata shilingi moja. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Pimeni mipaka mbele ya majirani, andikishaneni, na malipo yapite benki au simu ili ushahidi ubaki.

Nilivyomjibu yule mama

Nilirudi kwake juzi na kamba ya kupimia. Nikamwambia, "Mama, nusu eka yako, Uingereza ingegawiwa familia nane za kulima mboga, na wangesubiri foleni kuipata." Akacheka. Tukapima. Tukaona kwamba anachotaka mnunuzi hasa ni upande wa kisima na miembe. Upande wa pili ni kichanga, una mihogo tu, lakini nao unagusa barabara.

Sikumwambia auze wala asiuze. Nilimwambia kisima kikishaondoka hakirudi, na mwembe unaozaa leo ulipandwa na mama mkwe wake zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kama ana shida ya kweli ya fedha, ada ya shule ni shida ya kweli, azungumze juu ya upande wa kichanga. Mnunuzi akiukataa, basi anachotaka ni maji na kivuli, na hivyo vina bei yake tofauti.

Mama ameniambia Jumamosi anakaa na watoto wake walijadili. Nami nakuomba ufanye hivyo nyumbani kwako kabla mgeni hajaja, siyo siku anapokuja na bahasha mkononi.

Kama una swali kuhusu kuanzisha kitalu cha miche, nitafute ofisini siku ya gulio. Kazi njema shambani.