Kwa nini chakula cha ndege hupungua ladha angani

Abiria wa daraja la kawaida anayesafiri kutoka Nairobi hadi Johannesburg, safari ya takriban saa nne, au hadi Dubai, takriban saa tano, kwa kawaida hupewa mlo mmoja wa moto. Malalamiko kuhusu mlo huo ni ya miaka mingi: wali mkavu, kuku asiye na ladha, mkate baridi.

Lawama huelekezwa kwa wapishi, lakini sababu ni zaidi ya upishi.

Hewa ndani ya ndege hudhibitiwa ili shinikizo lake lilingane na la mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mkazi wa Mombasa hayo ni mabadiliko makubwa. Kwa mkazi wa Riruta, mtaa ulio takriban mita 1,800, ni karibu sawa na nyumbani, hasa katika ndege aina ya Boeing 787 ambazo Kenya Airways ilianza kuzitumia mwaka wa 2014.

Hata hivyo, mkazi huyo pia huona chakula kimepooza. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Pua hukauka, na pua ikikauka harufu haifiki; bila harufu, ulimi hautambui mengi.

Uchunguzi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, uliochapishwa mwaka wa 2010, ulionyesha kuwa chumvi na sukari huhisika kidogo zaidi katika mazingira hayo. Ngurumo za injini nazo hupunguza utamu. Nyanya na viungo kama bizari hustahimili zaidi, ndiyo maana mchuzi hupendelewa kuliko nyama kavu.

Aidha, chakula hakipikwi angani. Hupikwa katika majiko makubwa karibu na uwanja wa ndege, hupozwa upesi hadi nyuzijoto 5 au chini ya hapo, hupakiwa kwenye toroli, kisha wahudumu hukipasha moto katika oveni. Samaki wa kukaangwa hulegea. Wali na mchuzi huhimili.

Upozaji huo si jambo la kupuuzwa. Mwaka wa 1975, abiria 196 wa ndege ya Japan Air Lines waliugua baada ya kula mayai na nyama ya nguruwe iliyoshikwa na mpishi mwenye kidonda kidoleni, kisha ikakaa muda mrefu bila baridi ya kutosha. Hadi leo mashirika mengi huhakikisha rubani na msaidizi wake hawali mlo wa aina moja.

Abiria anaweza kujisaidia. Mlo halali, usio na nyama, usio na chumvi au wa mgonjwa wa kisukari huagizwa mapema, kwa kawaida saa 24 au zaidi kabla ya safari, wala hautozwi ada katika mashirika mengi yanayotoa mlo kamili.

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kabla ya kula hushauriwa kusubiri hadi sinia ifike mbele yake, kwani misukosuko ya hewa huweza kuchelewesha huduma. Ni busara pia kubeba kitu cha kutafuna mkobani.