Jembe na Moyo: Mazoezi ya Nguvu Ukambani

Ukisafiri kutoka Wote kuelekea Kathonzweni, msomaji wangu, itazame miteremko ya mashamba. Utaona matuta yaliyoikata kama ngazi. Mengi ya matuta ya Ukambani yalichimbwa kwa jembe na sepetu, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, kwa kuwa waume zao walikuwa kazini mijini au jeshini.

Vijana wengi leo huinua vyuma wakitumaini kwamba mwili ukipata nguvu, moyo nao utapata uthabiti. Je, ni kweli? Historia ya matuta haya inatupa jibu, tena si jepesi.

Katika miaka ya 1930 ardhi ya Ukambani ilikuwa imechakaa kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni iliona kwamba dawa ni kupunguza mifugo, na mwaka 1938 ikawanyang'anya watu ng'ombe wao. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza amri yake.

Ikabaki kazi ya matuta. Katika miaka ya 1940 watu walilazimishwa kuyachimba chini ya macho ya machifu. Hapana shaka maungo yao yalikomaa, maana jembe halibagui mtumwa na mwungwana. Lakini mioyo yao ilipata nini? Uchovu na kinyongo. Matuta mengi ya namna hiyo hayakutunzwa, na mvua zikayabomoa.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, kazi ilipowekwa mikononi mwa mwethya. Hii ni desturi ya kale ya Wakamba: majirani hukusanyika kumsaidia mmoja wao kujenga au kulima. Sasa vikundi vilichagua viongozi wao wenyewe, wengi wakiwa wanawake, na kuamua shamba la nani litatangulia. Siwezi kudai kwamba mkono wa chifu ulitoweka kabisa. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa.

Waliipenda hasa njia iitwayo fanya juu. Mtu huchimba mtaro, kisha huutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Fanya hesabu mwenyewe: mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 hutoa, kwa kila mita moja ya urefu, karibu nusu tani ya udongo. Mzigo huo wote huinuliwa sepetu kwa sepetu. Ni chuma gani cha mazoezi kinachoshinda hicho?

Wataalamu wa viungo wanatuambia kwamba katika majuma ya kwanza ya mazoezi, nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva hujifunza kuiamrisha misuli, kabla misuli yenyewe haijanenepa. Naye Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1977 kwamba hakuna kinachompa mtu imani katika uwezo wake kama kuwa amekwisha kufanya jambo akafaulu. Mimi ningeongeza sharti moja: aione kazi ile kuwa ni yake. Wachimbaji wa miaka ya 1940 na wale wa miaka ya 1950 waliinua udongo ule ule. Waliopata ujasiri ni wale waliojichagulia mteremko.

Ushahidi ulikuja baadaye. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 msukumo wa serikali ulipungua, na kwa muda uchimbaji ukazorota. Kisha, katika miaka ya 1970, vikundi vya mwethya vilirudi mashambani kwa wingi. Safari hii hakuna aliyewashurutisha. Walichimba matuta mapya, wakajenga mabwawa ya maji na madarasa, na wanawake waliozoea kuongoza kazi ya sepetu wakaongoza na mikutano.